Polisi wa Pua

Nyumbani walimwita Polisi wa Pua, na jina likamganda. Miaka ishirini ya kuchunguza maabarani jinsi virusi vinavyopenya kwenye mapafu ilikuwa imeufundisha mkono wake usipande juu ya kidevu. "Virusi havina miguu," aliwakaripia wanawe, "vidole vyenu ndivyo vinavyovibeba!"

Mama yake hayo hakuyajali. Kila jioni alinyoosha kiganja ampapase shavu, naye akarudi nyuma.

"Subiri nikaoge kwanza, Mama."

"Siku niliyokuzaa ulikuwa mchafu zaidi, na sikukwambia ukaoge."

Akitoka bafuni, mara nyingi alimkuta bi mkubwa ameshasinzia.

Siku ya kumzika, machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola. Mkono uliinuka, ukafika kidevuni, ukakwama wenyewe. Mama mdogo, mdogo wa marehemu, alishindwa kuvumilia. Akamjia na mikono yake yenye vumbi, akamfuta uso mzima kwa kiganja.

Kilikuwa kigumu na cha moto, kama cha dada yake. Polisi wa Pua hakurudi nyuma. Aliinama ili kimfikie vizuri, na kilipoondoka, akabaki ameinama.