Diski Ambayo Hatukuifikia

Kwaru, kwaru, kwaru. Sindano ya fono ilianza hivyo juu ya diski, kama karanga zinazogeuzwa chunguni, na hata leo sauti ile ikinijia nasimamisha kazi. Halafu violini nyingi kwa pamoja. Halafu yeye, mzee wa piano, akiingia polepole kama mtu anayeshuka ngazi na viatu vya Jumapili.

Tulikuwa foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake pale Kadutu, ambako Madame mmoja Mbelgiji alitufundisha kushona. Alituwekea muziki wa kwao, eti mikono itulie. Wimbo mmoja ulijaza diski nne, mbele na nyuma, na juu ya mfuko wake kulikuwa na picha ya mzee mwenyewe, kichwa kimeinama kama anayetafuta kifungo kilichoanguka. Madame alisema Ulaya nzima inamjua. Niliamini. Violini zilipopiga kelele kama wamama wa samaki sokoni, yeye hakushindana nazo. Alingoja. Kisha alisema neno lake kwa sauti ndogo, na zote zikanyamaza. Mtu wa namna hiyo nilikuwa nimemwona mmoja tu, nyanya yangu, siku za ugomvi wa mahari.

"Ile kelele inakuambia nini?" aliniuliza jirani yangu wa benchi, mke wa fundi wa matofali kutoka Nyangezi.

"Haiko kelele, maman. Ule muzee iko anangoja wengine wamalize."

"Basi akuoe! Atatoa ngombe ngapi?"

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka.

Shida ilikuwa moja. Madame alisimamisha fono kila alipoona mshono uliopinda, na mishono yetu, mama yangu, ilipinda! Kila mara kengele ya parokia ilitukuta bado hatujafika diski ya nne, na siku iliyofuata Madame alianza tena na ya kwanza. Mwisho wa wimbo sikuujua. Nikiteka maji niliutunga mwenyewe: pengine mzee anashinda, pengine anaaga tu na kwenda zake. Nilijiambia, iko siku tutafika.

Ndipo kazi ya bwana wa Madame ikaisha, wakawa wanarudi kwao. Siku ya mwisho alisema hakuna kushona. Moyo wangu uliruka. Bila mshono wa kukosoa, nani atasimamisha fono? Nilikimbilia benchi la mbele.

Madame akatabasamu. "Siku zote mumevumilia muziki yangu. Leo hapana piano. Leo muziki ya ninyi!"

Akaweka diski nyingine, gitaa la Léopoldville likalia. Wenzangu wakapiga vigelegele, wakainuka kucheza. Madame naye alicheza, vibaya, uso mwekundu kwa furaha. Nilimsogelea.

"Madame, ile piano..."

"Imekwisha, mutoto, imekwisha!" Akanishika mikono, akanizungusha. "Iko mu kisanduku. Hapana sumbua wewe tena."

Alikuwa anatupa zawadi. Nikacheza, machozi yakinishuka, na yeye akadhani nalilia safari yake, akanikumbatia. Jirani yangu alituona. Safari hii hakutania.

Walipotoka uani kunywa limonadi, nilibaki. Kisanduku kilikuwa kwenye barza, nje ya mlango, kikingoja lori la Usumbura, kimeshapigwa misumari. Nilikisukuma kidogo, ndani diski ziligongana. Nikaokota mabaki ya vitambaa chini ya meza, nikayapenyeza katikati ya mbao, kimoja kimoja, kwa ncha ya mkasi, mpaka nilipokisukuma tena pakawa kimya.