Neno Lililozidi Mdomo

Mimi ni mtu wa kimo cha kabati la vyombo. Kifua changu ukikigonga kinalia debe, na shati la saizi ndogo linanipwaya mabegani. Lakini Mungu hakunyimi vyote, akanipa sauti. Nikipiga simu dukani kuulizia kama gesi imefika, msichana anayepokea ananiita mheshimiwa. Nikifika mwenyewe kuchukua mtungi, ananiuliza aliyenituma yuko wapi.

Sauti hiyo ndiyo inayonilisha. Naingiza Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Yule mwanamume mrefu anayeonekana jioni kwenye runinga, mwenye farasi, shati lililofunguliwa vifungo vitatu na mashamba yasiyo na mwisho, akifungua mdomo anayesema ni mimi. Yeye yuko juu ya farasi. Mimi niko kwenye kichumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani na godoro mlangoni, nimevua shati na taulo liko shingoni, maana feni inapiga kelele na haturuhusiwi kuiwasha. Akimbusu mpenzi wake, mimi nabusu mgongo wa mkono wangu mwenyewe. Na sauti ya mpenzi wake inatoka kwa bibi mmoja mwenye wajukuu wanne. Namwambia bibi huyo kwamba bila yeye jua halichomozi, naye anafuma kitambaa cha meza, na akikosea uzi ananikunjia uso kana kwamba kosa ni langu.

Kazi hii ina sheria moja: neno lifuate mdomo. Wa kwenye skrini akifunga mdomo, na wewe uwe umefunga. Maneno anatuandikia Mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha, anayetafsiri huku akihesabu silabi kwa vidole. Balaa lilianza sehemu ya saba. Bwana wa farasi alikuwa amemsingizia mchumba wake wizi, akamfukuza nyumbani, kisha akagundua mwizi ni binamu yake. Anamrudia mchumba, anamtazama, anatamka neno la kwao la kuomba radhi. Neno lenyewe fupi, mdomo unafunguka mara mbili tu, basi. Mwalimu alikuwa ameandika "Nisamehe." Nilipoisema, bwana alifunga mdomo kwenye "nisa," na ile "mehe" ikawa kama inamtokea puani. Tukarudia mara kumi na moja. Mwalimu akasema labda tuweke "Radhi." Bibi akacheka mpaka sindano ikamdondoka, akasema watu watadhani bwana anaita radi. Ndipo mimi, mjuaji, nikasema tuweke "Pole."

Ilikaa mdomoni pale utadhani imezaliwa humo. Msimamizi wa studio akapiga makofi. Mwalimu peke yake ndiye aliyenuna, akavua miwani akaifuta.

"Pole anapewa aliyejikwaa," akasema. "Wewe uliyemtega mguu huna pole ya kutoa."

Nikamwambia Mwalimu hii ni tamthilia, si mtihani wa shule.

Sasa tamthilia yenyewe ina sehemu mia moja na kumi na mbili, na hakuna kiumbe ambaye yule bwana hakumkosea. Aliuza farasi wa mama yake, pole. Alichoma shamba la ndugu yake, pole. Alisahau harusi yake mwenyewe, akaja jioni watu wameshakula, pole. Na kila mara ni kichwa kimeinama kidogo, tabasamu nusu, na mwanamke analia na kumwangukia kifuani. Haukupita muda neno likashuka kwenye runinga likaingia mtaani. Kinyozi wa kona alimkata mteja sikio, akainamisha kichwa, akatoa tabasamu nusu, akasema pole. Fundi bomba akafurisha jiko la watu, naye pole. Wanaume wazima wakaacha kabisa kusema nisamehe. Na kwa nini uombe wakati unaweza kutoa? Ukisema nisamehe, mwenye uamuzi ni mwenzako. Ukisema pole, mkarimu ni wewe. Nami nikawa natembea mtaani kidevu juu, najiambia kwamba ninayewafundisha wanaume kusema ni mimi.

Nyumbani nilikuwa mwanafunzi wa kwanza. Mke wangu ni mkunga, tuna miaka minne ya ndoa, na mwanzoni alikuwa anacheka. Nilipoanza kuongea naye nimempa mgongo, nimesimama dirishani na mkono mmoja ukutani, kama bwana anavyofanya akiwa na mawazo mazito, aliniuliza natazama nini, maana dirisha letu linatazamana na ukuta wa choo cha jirani. Nilipoacha kuaga nikitoka, kwa kuwa mwanamume halisi hajielezi, akaniandikia vitu vya sokoni kwenye karatasi, akasema mwanamume halisi asisahau vitunguu. Lakini utani nao una mwisho. Alirudi kutoka mafunzoni na mizigo mitatu, mimi niliyeahidi kumpokea kituoni nimelala. Pole. Nilivunja kioo alichoachiwa na marehemu mama yake. Pole. Siku hiyo ya kioo alichukua ufagio akafagia vipande taratibu, na mimi mpumbavu nikadhani tumeelewana.

Kisha redio ikanialika. Mtangazaji, binti mchangamfu, akasema laini zote za simu zimejaa wanawake wanaotaka kujua kama mwenye sauti hii ana mke. Jibu la swali hilo ni neno moja. Nina. Silabi mbili tu, hata farasi mwenyewe angeweza kulitamka. Lakini nilikuwa nimevaa vile vya masikioni, sauti yangu inanirudia nzito, tamu, nikajisikia mrefu. Nikashuka nayo mpaka chini kabisa, nikasema, "Mwanamume kama mimi hana mwenyewe."

Mtangazaji akapiga kigelegele. Saa hiyo hiyo, kwenye wodi ya wazazi, redio ilikuwa inaimba juu ya kabati la dawa. Wauguzi sita, wote waliocheza kwenye harusi yetu, wakageuka kumtazama mkunga wao.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, bado yuko na sare. Hakupiga kelele. Na mimi nilijua nimekosa, haki ya Mungu nilijua. Nikainamisha kichwa.

"Pole," nikasema.

"Pole ya nini?" akauliza. "Nimefiwa? Naumwa?"

 Akangoja. Alingoja sana, na leo ndiyo najua kwamba alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikatazama dirishani. Basi akatoa begi uvunguni, akakunja nguo zake moja moja, na alipofika mlangoni akaniambia aliolewa na mtu, hakuolewa na runinga. Akaenda kwa dada yake.

Mwenye akili angemfuata siku ile ile. Mimi nikaenda kutafuta ushauri kwa bwana wa farasi. Sehemu ya sitini na tatu anasimama kwenye mvua chini ya dirisha la mchumba wake, hasemi kitu, mpaka mchumba anashuka mwenyewe mbio. Nikangoja mvua siku nne. Ilipokuja, Jumamosi mchana, nikaenda kusimama nje ya nyumba ya shemeji yangu, huyo dada yake, kichwa wazi, koti limelowa, mkono ukutani. Robo saa nzima hakuna aliyenijali isipokuwa bata. Kisha shemeji akatoka na ndoo tatu, akaangalia pa kuzipanga, akaniangalia na mimi.

"Shemeji," akasema, "kama huingii ndani basi sogea hapo, unanizuilia maji ya bati."

Mke wangu mwenyewe hata hakuwepo. Alikuwa zamu ya mchana.

Niliondoka pale na homa, na asubuhi yake sauti ikaniaga. Nilifungua kinywa ukatoka mkwaruzo wa bawaba kavu. Studio ikasimama, bwana wa farasi akabaki mdomo wazi kwenye skrini bila mtu wa kumsemea. Mwalimu alikuja kuniona, akakuta nimekaa mezani mbele ya kikombe cha mke wangu ambacho nilikuwa sijakiosha tangu aondoke. Nikamnong'oneza yote. Nikamwomba aniandikie cha kumwambia, kwa sababu kuandika maneno ndiyo kazi yake.

"Silabi ngapi?" akaniuliza.

Nikadhani ananitania, lakini uso wake ulikuwa mkavu.

"Nakuuliza mdomo utakaosema ni wa nani, ili nijue nikate wapi."

Hapo nikalia. Bwana wa farasi hajawahi kulia katika sehemu zote mia na kumi na mbili. Mimi nililia mpaka Mwalimu akavua koti akanipa mkono wa koti nifute kamasi, kwa kuwa leso hakuwa nayo. Niliogopa. Nyumba ilikuwa imepoa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mke wangu anaweza asirudi kweli, na kwamba hakuna sehemu inayofuata ambamo mambo yatajitengeneza yenyewe.

Nikatuma ujumbe kwa shemeji, kumwuliza nifanyeje. Jibu lake lilikuja fupi: ulimkana hewani mbele ya watu, nenda kamtaje hewani mbele ya watu, mengine tutaona.

Nikarudi redioni. Yule binti alipousikia mkwaruzo wangu akachungulia nyuma yangu kuona nani kasema. Nikasema nilichokwenda kusema, kwa mkwaruzo ule ule: kwamba nina mke, ni mkunga, niliulizwa kwenye kiti hiki hiki nikamkana kwa kupenda sifa, nimekosa, na ninamwomba anisamehe. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja, akaagiza huyo tapeli atolewe aletwe mwenye sauti yake. Ya pili nikaijua sauti, kinyozi wetu. Akasema nimewaaibisha wanaume, kisha akauliza sasa na wao waseme nini. Nikamwambia aanze na yule mteja wa sikio.

Nikatoka pale kichwa kimevimba, msikilizaji, nisikufiche. Kuomba msamaha mbele ya nchi nzima! Hata bwana wa farasi hajathubutu. Nikaenda moja kwa moja hospitali nikiwa na hakika kwamba sasa nitaangukiwa kifuani, njiani nikawa hata najaribu kukitoa kifua hicho nje kidogo. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, wauguzi wakipita wanajificha mdomo kwa mafaili. Baada ya muda akatoka, sare imelowa mpaka viwikoni, macho mekundu kwa uchovu. Nikasimama. Nikamwuliza kama amesikia.

"Nimesikia nini?"

"Redioni."

"Nilikuwa nazalisha. Mapacha, wa pili alitanguliza miguu." Akajifuta paji la uso kwa mkono wa sare. "Kwani ulisema nini?"

Nikamwambia wenzake wamesikia, atawauliza, na dada yake pia lazima amesikia, mtaa mzima umesikia.

"Hao si wake zako," akasema. "Niambie mimi."

Jamani. Ukumbi ulikuwa na wauguzi watatu na baba mmoja aliyekumbatia chupa ya chai. Hakukuwa na skrini wala mdomo wa mtu wa kuufuata. Kule redioni nilisema na watu elfu nisiowaona, na ulimi ulikuwa mwepesi. Hapa palikuwa na mtu mmoja aliyesimama nusu hatua kutoka kwangu, ananitazama machoni, tena ananizidi kimo kwa vidole vinne. Nikatafuta dirisha. Hapakuwa na dirisha.

"Nilikukana," nikasema. "Nilitaka wanitamani, nikakufuta. Na kile kioo cha mama nilikivunja mimi, na kituoni sikuja. Nisamehe."

Sijawahi kutamka neno refu kama lile. Hakuniangukia kifuani. Aliendelea kunitazama, akanitazama mpaka baba wa chupa ya chai akageukia ukutani kwa aibu yangu.

"Nimekusikia," akasema mwishowe. "Kusamehe bado. Bado nina hasira na wewe."

Nikamwambia sawa. Nilitaka kuongeza kitu, nikaona nisiongeze. Akaenda kukabidhi zamu, akarudi na mkoba wake, ule mwekundu wenye shanga zinazogongana, akanipa kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma. Nikauvaa begani. Ulinifika magotini.

Tukatoka hospitali tukashika njia kwa miguu. Wacheza drafti nje ya duka la spea waliacha kete hewani, mmoja akapiga mluzi mrefu, mwingine akaniuliza kama hizo shanga zinauzwa. Masikio yakaniwaka moto. Zamani ningeuhamishia mkoba mkono wa pili, ule wa upande wa ukuta. Niliuacha ulipo.

Tukafika njia panda. Kulia ni kwetu, kushoto ni kwa dada yake. Nilipunguza mwendo nione. Yeye hakupunguza, akashika kushoto bila kugeuka. Nami nikashika kushoto, nyuma yake, na mkoba begani.