Pointi Tatu za Heshima

Mwaka ule lami ilitufikia puani kabla haijafika miguuni. Upepo wa upande wa Arua ulileta harufu nzito ya mafuta yaliyoungua na mawe ya moto, ikaingia madarasani, ikakaa kwenye nguo zilizoanikwa, ikachanganyika hata na mchuzi wa kunde aliokuwa akiupika bibi yangu. Sisi watoto wa Koboko, mji wa mpakani huku West Nile, tulikuwa tumezaliwa ndani ya vumbi jekundu na tulidhani kila barabara duniani ina rangi ya tofali. Kila jioni baada ya shule nilitoroka kwenda kutazama gari lenye gurudumu la chuma likipita juu ya kokoto, likirudi, likipita tena, na nyuma yake ule weusi laini unaong'aa kama ngozi ya samaki. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuweza kukaa chini. Bibi yangu, ambaye kwa Kinubi tulimwita habuba, alisema nina sisimizi kwenye nyayo. Alikuwa akisuka vifuniko vyake vya ukili wa rangi, sindano ikiingia na kutoka bila yeye kuitazama, huku mimi nikiingia na kutoka mlangoni kama ile sindano.

Barabara hiyohiyo ilileta watu. Vita vilikuwa vimezuka ng'ambo ya mpaka, upande wa Juba, na baba, aliyekuwa wakala wa forodha kule Oraba, alituambia kwamba malori yaliyokwenda na saruji yalikuwa yakirudi na akina mama, magodoro na mbuzi. Mjini watu walianza kusema "wageni" kwa sauti niliyoijua vizuri mno. Sisi ni Wanubi. Mababu wa habuba walikuja na jeshi kutoka Sudani, zamani ambazo hata yeye hakuzishuhudia, na bado shuleni nilipogombania foleni ya bomba kulikuwa na msichana wa kuniambia, "Nyinyi rudi kwenu Sudani, hapa iko maji ya wenyewe." Nilimwambia habuba. Hakuacha kusuka. "Nimezika mume hapa, nimezika watoto wawili hapa," alisema. "Waambie wakanionyeshe kwetu pengine ni wapi." Maneno yale yalimtosha yeye. Mimi hayakunitosha. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuniambia niondoke.

Mahali hapo nilipapata uwanjani. Mwalimu Poni, mwanamke wa Kikakwa aliyetufundisha hesabu, alianzisha timu ya wasichana na kuleta mchezo ambao kwanza ulituchekesha. Haukuwa na mwamuzi. Kabla ya mechi timu mbili zilikaa pamoja kwenye nyasi na kupatana sheria zao. Baada ya mechi walikaa tena, mduara mmoja, wapinzani wakiwa wamechanganyika, goti kwa goti, na kuzungumza juu ya yaliyotokea. Aliyeshinda kwa magoli alipata pointi tatu, aliyeshindwa alipata moja. Kisha kulikuwa na pointi nyingine za heshima, kuanzia sifuri hadi tatu, na hizo hukujipa mwenyewe. Kapteni wa wapinzani ndiye aliyezitoa, kwa kuinua vidole. "Mpira utawafundisha kukaa na mtu msiyefanana naye," alisema Mwalimu Poni, "kwa sababu hamwezi kucheza peke yenu." Tuliitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, tukitazama mpira. Mimi nilikuwa kapteni. Nilivaa suruali ndefu chini ya bukta na kitambaa kichwani, na nilikimbia kana kwamba kuna mtu nyuma yangu.

Achol alifika katikati ya msimu. Alikuwa Mdinka, mrefu kuliko sisi sote, na mweusi wa weusi ambao hata sisi watu wa West Nile, tusio weupe, tulisimama kuutazama. Hakujua Kiswahili wala Kikakwa. Lakini alijua Kiarabu cha Juba, ambacho ni ndugu wa Kinubi chetu, kwa hiyo katika timu nzima mimi peke yangu niliweza kuzungumza naye. Nilikuwa mdomo wake na masikio yake. Aliniambia kwamba mpira alijifunza na kaka zake, kwamba njiani walilala siku nne chini ya lori, kwamba alipenda winga ya kushoto kwa sababu huko hakuna watu wengi. Na alipopata mpira katika winga ile, jamani, hakuna aliyemshika. Siku yake ya pili wasichana waliniuliza anaitwa nani. Nililijua jina lake. Lakini alikuwa ametoka tu kunipita mbele ya wote, mpira ukapita katikati ya miguu yangu mimi kapteni, na watu wakacheka. Nikasema, "Huyu? Huyu ni Lami. Hamuoni? Amekuja na barabara."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Achol naye alicheka, kwa sababu wote walikuwa wakicheka. Aliponiuliza maana yake, nilimwambia ni ile barabara mpya, nzuri, ya kasi, na nilijiambia kwamba sikudanganya. Jina likashika siku hiyohiyo. Hata wasichana walionitukana bombani sasa walinipigia viganja, na ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amenifundisha: aliyefika nyuma yangu alikuwa amenipandisha cheo. Sikuwa mgeni tena. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi nilikuwa na kidonda cha mkuki huohuo, na bado mkono wangu ulijua kuurusha.

Mwisho wa msimu tulikwenda Arua kucheza na timu ya Mvara. Mwenye jumla kubwa ya pointi, za magoli na za heshima, angekwenda Kampala. Kati yetu hakuna aliyewahi kuvuka daraja la Pakwach, kwenye njia ya Kampala, na kwa majuma mawili hatukuzungumza kitu kingine: kama kweli Mto Nile una viboko, kama ng'ambo watu wanakula enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, kama tutalala kwenye vitanda vya ghorofa. Achol aliniuliza mara tatu njia inapita wapi. Nilimchorea mavumbini, na kila mara alifuta mchoro wangu kwa kiganja akauchora upya yeye mwenyewe.

Kabla ya mechi tulikaa na wasichana wa Mvara, tukapatana kwamba anayeumia akae chini na mpira usimame. Kapteni wao, Letiru, alikuwa Mlugbara mwenye sauti ya mwenye duka. Tulianza. Kipindi cha kwanza Achol alifunga, kisha mimi nikafunga, na kila tulipomtaka tulipaza sauti: "Lami! Lami, pasi!" Pembeni walikuwepo waendesha boda na wanafunzi wengi, na jina liliwapendeza. Walilidaka. Mmoja akapaza sauti, "Lami iko tayari, leta gari ipite juu!" Wengine wakaanza kuunguruma kama lile gari la gurudumu la chuma, na kila Achol alipogusa mpira muungurumo ulipanda. Kisha beki wao mmoja, akimkimbiza, naye akaunguruma, karibu na sikio lake. Achol akasimama. Akaacha mpira utoke. Akakaa chini katikati ya uwanja, miguu yake mirefu mbele yake.

Tulimkimbilia. "Wapi? Mguu?" niliuliza kwa Kinubi. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Wasichana wa Mvara walisimama wakitazamana, kwa kuwa katika sheria tulizopatana hatukuwa tumesema kuumia ni nini. Baada ya muda aliinuka, akajipangusa majani, akacheza hadi mwisho, lakini kwa kutembea. Mvara walipata goli moja. Tulishinda mbili kwa moja.

Kwenye mduara nilikuwa wa kwanza kusema. Nilikuwa na moto. Nilisema wametukana mchezaji wetu kwa rangi yake, nilisema hayo si mafundisho ya mchezo huu, na wenzangu wakapiga kelele, "Sifuri! Wape sifuri!" Letiru alingoja tunyamaze. "Muzee," aliniambia, maana huko hata mtoto huitwa hivyo akitaniwa, "sisi nasikia hiyo jina kwa nani? Kwa nyinyi. Sisi nafikiri mama yake ndiyo alimupa." Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mwalimu Poni hakuwa na ruhusa ya kuingilia mduara, ila kuuliza. Aliuliza swali moja: "Nani alianza kumwita hivyo?"

Wenzangu walitazama viatu vyao. Hakuna hata mmoja aliyenitaja, na hilo ndilo lililonivunja. Walikuwa tayari kunificha kama ndugu, mimi ambaye mwanzoni mwa msimu nilikuwa mtu wa kurudishwa Sudani. Achol alikaa mkabala nami. Alikuwa akiwatazama wanaosema, mmoja baada ya mwingine, akijaribu kuokota maneno. Nikasimama. "Mimi," nilisema. "Nilijua jina lake, na nilimpa hilo."

Letiru akainua ngumi iliyofungwa, maana yake sifuri, na sikumlaumu. Ikawa zamu yangu. Tulikuwa na pointi tatu za ushindi. Wao walikuwa na moja. Kama ningewapa sifuri kwa ule muungurumo, na walistahili, tungekwenda Kampala. Haya ilikuwa imenijaa hadi machoni na nilitaka itoke, yote, mbele ya watu. Nikainua vidole vitatu. "Rehema! Wewe iko wazimu?" mlinda mlango wetu alipiga kelele. "Shusha hiyo mukono!" Sikuushusha. Mvara wakapata nne. Njia nzima ya kurudi Koboko, juu ya lami mpya isiyorusha hata jiwe moja, hakuna aliyekaa karibu nami. Achol alipanda mbele na dereva. Alirudi mazoezini baada ya wiki tatu, akacheza winga yake ya kushoto, na hakunipa pasi hata moja hadi familia yao ilipohamia kambi ya upande wa Adjumani. Mimi nilijifariji. Nilijiambia kwamba angalau nilisema kweli, na kwamba ililipiwa.

Miaka mingi niliisimulia hadithi hiyo hivyo. Niliisimulia kwenye mikutano ya waandishi, niliisimulia kwa wasichana ninaowasaidia sasa kila Jumamosi pamoja na Mwalimu Poni, ambaye magoti yake yamechoka lakini filimbi bado hataki kuishika. Watu waliipenda, kwa sababu ndani yake nilikosa kisha nikawa mwema. Kisha mwaka jana namba ya Achol ilinifikia. Yuko Juba, anauza vitenge, ana watoto wawili. Nilimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba radhi kwa ajili ya lile jina. Alijibu kwa sauti, kwa Kiarabu chetu, na nyuma yake nilisikia soko. "Jina lilikuwa baya," alisema. "Nilijua ni baya tangu siku ya kwanza, kwani mimi ni mjinga? Lakini nikuulize, Rehema. Pale mlipokaa mkisema juu yangu, wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu. Kwa nini hukuniuliza? Nilifunga goli. Nilitaka kwenda Kampala. Uliwapa kitu changu ili wewe upate nafuu."

Niliusikiliza ujumbe ule nikiwa nimesimama, nikatembea nao kutoka sokoni hadi msikitini na kurudi, na bado sijapata pa kukaa nao. Leo Koboko ina taa barabarani na wasichana wana timu nne. Siku hizi wanaofika wametoka Khartoum, wengine weupe kuliko sisi, na matusi yamegeuzwa upande wa pili kama nguo: sasa mtu huchekwa kwa weupe wake na nywele zake, na kabla jua halijazama kicheko kimeshafika kwenye simu za darasa zima. Baada ya maneno ya Achol tumebadilisha jambo moja. Kwenye mduara, kabla mtu yeyote hajakiri, kabla mtu yeyote hajatoa pointi wala machozi, aliyeumizwa ndiye anayeulizwa anataka nini. Jumamosi iliyopita aliyeulizwa alikuwa msichana wa Khartoum wa miaka kumi na moja, aliyeitwa pamba na timu nzima. Aliyeanza kumwita hivyo alikuwa tayari analia, amefungua mdomo aseme. Nilimwinulia mkono angoje. Nikamuuliza yule mdogo kwa Kinubi, polepole, anachotaka. Alitutazama sote, akatazama jua lilikofika. "Aniite Samah," alisema. "Na muda bado upo. Nataka tucheze." Nilifungua kinywa kumuuliza kama ana hakika, kama hayo yanatosha, lakini walikuwa wameshasimama, na mpira ulikuwa kwake.