Sufuria ya Namba Tisa

Mzee Gerolamo Repetto wa Casalta, milimani nyuma ya Genova, alikuwa mtu asiyeambilika. Alifuga ng'ombe wanane, alitengeneza jibini, na jiji alilijua kwa kusikia tu: wezi, mabaharia, na wanawake wanaovuta sigara barabarani. Basi binti yake Delfina aliposema, mwaka 1966, kwamba ameitwa Genova kufanya mtihani wa kazi ya posta, saa mbili kamili asubuhi, mzee alikuwa na neno moja: hapana. Alilirudia siku tatu. Siku ya nne alichoka, akatoa sharti.

"Utalala hoteli ya heshima, karibu na hapo pa mtihani. Ukishaingia tu, piga simu. Mimi nitakuwa hapa baa, kwenye simu yao. Basi la mwisho linaondoka saa moja jioni. Usipopiga kabla ya hapo, napanda, nakuja kukuchukua. Na ukirudi, umerudi."

"Umerudi kabisa, baba?"

"Ng'ombe wapo. Hutakosa kazi."

Delfina alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ng'ombe wale aliwajua mmoja mmoja kwa mateke yao. Akaanza kutafuta hoteli.

Ghafla kijiji kizima kikawa kinaijua Genova. Padri alishauri kwa watawa, mahali salama hata panya haingii. Tatizo, nyumba yao ilikuwa juu kabisa kilimani na lango halifunguliwi mpaka misa ya asubuhi iishe. Wenzake wangekuwa wameshaanza kuandika, yeye bado anaimba. Kinyozi alitaja hoteli moja ya bandarini, hatua chache tu kutoka kwenye mtihani. Mkewe akamuuliza mbele za watu ameijuaje, na ushauri ukaishia hapo hapo.

Aliyemfaa ni Nilde, mama wa Genova aliyepanda milimani kila mwezi kuuza dagaa wa chumvi.

"Nisikilize, mwanangu," Nilde alisema huku akipima dagaa. "Jina la hoteli lisikubabaishe. Inua macho madirishani. Ukiona zimeanikwa shuka tupu, pita zako. Ukiona aproni, soksi za watoto na suruali ndefu ya ndani ya babu, ingia. Mwenye hoteli analala humo humo na watu wake, kwa hiyo mlango ataufunga vizuri."

"Na nikitishwa na mtu usiku?"

"Omba chumba cha upande wa mwokaji mikate. Wale hawalali. Nenda kwa Argentina Canepa, kichochoro cha Wasusi, namba tisa. Kutoka pale mpaka kwenye mtihani ni dakika tano, hata kama unachechemea."

Delfina aliyaandika yote kwenye karatasi ya kufungia dagaa. Maneno ya Nilde yalikuwa dhahabu, ila alifanya kosa ambalo mtu wa Genova tu ndiye hulifanya. Kule kila kichochoro kina namba za aina mbili: nyeusi ni za nyumba za watu, nyekundu ni za maduka, na kila aina inajihesabia peke yake. Kutoka tisa hii mpaka tisa ile mtu anaweza kutembea mpaka akaapa amepotea. Mzaliwa wa pale hafikirii hata kutaja rangi. Nilde hakuitaja.

Siku ya safari basi lilichelewa. Delfina aliifikia namba tisa jua likizama, sanduku limemkata mkono. Akainua macho madirishani: hata soksi moja hakuna. Akayashusha: mlangoni foleni ya watu wenye mabakuli, na ndani sufuria kubwa inatokota. Lilikuwa duka la supu ya utumbo.

"Samahani, hoteli ya mama Canepa ni hapa?"

"Wageni wangu mimi wanalala kwenye sufuria," alijibu mwenye duka, pande la mtu aliyeitwa Ambrogio. "Na hakuna aliyewahi kulalamika."

Foleni ilicheka. Delfina alitazama saa ya ukutani, ikawa inamwambia saa moja kasoro robo. Akaeleza kila kitu kwa pumzi moja, mtihani, simu, basi, baba, mpaka ng'ombe, na alipofika kwa ng'ombe alikuwa analia waziwazi.

Ambrogio aliacha utani. "Umeambiwa namba ngapi?"

"Tisa."

"Tisa nyekundu au nyeusi?"

"Tisa ya kawaida!"

Ambrogio akavua aproni, akachukua sanduku.

"Wee Ambrogio, na sufuria?" mzee mmoja wa kwenye foleni alimaka.

"Sufuria haina baba anayesubiri basi. Na asiguse mtu, nawajua nyie!"

Akatimua mbio. Delfina alimfuata mgongo wake mpana akipenya katikati ya watu, akihema, akiomba radhi kushoto na kutukana kulia, kichochoro kikipinda na kupanda. Mwishowe Ambrogio alisimama mbele ya mlango wa namba tisa nyeusi. Juu, ghorofa ya tatu, zilipepea aproni nne, soksi za watoto, na suruali ndefu ya ndani, kuukuu, ya babu. Delfina nusura aipigie saluti.

Mama Canepa alimwonyesha simu ukumbini. Ilibaki dakika mbili. Mwenye baa alipokea, akasema ngoja, na Delfina akasikia vishindo, kelele za nje, kisha baba yake akihema.

"Nimeingia, baba."

"Mlango una komeo?"

"Mawili."

"Mwenyewe analala humo?"

"Yeye na babu yao."

"Basi kula, ulale."

Delfina alipogeuka amshukuru Ambrogio, alikuta sanduku peke yake.

Alifaulu. Miaka iliyofuata alipewa kugawa barua katika vichochoro vile vile, na kila alipoona mgeni na sanduku akikodolea macho namba, alisimamisha kazi akamfikisha mlangoni. Wakubwa zake walimgombeza, akaendelea. Shukrani alimpa Ambrogio kila siku, pamoja na barua. Ukutani mwa duka ilitundikwa sufuria kubwa, tako lake limeungua na kutoboka.

"Ile ya nini?" aliwahi kumuuliza.

"Pambo."

"Pambo baya."

"Limefanana na mwenye duka."

Mzee Gerolamo alikubali kushuka Genova mara moja tu, miaka minane baadaye, na gurudumu zima la jibini kwapani. Hakutaka kuona bahari. Alitaka kupelekwa namba tisa nyekundu. Pale mlangoni alivua kofia, jambo ambalo Delfina alikuwa amelishuhudia kanisani tu.

"Wewe ndiye uliyembebea binti yangu sanduku?"

"Lilikuwa zito," Ambrogio alisema.

"Siku ile nilishapanda basi. Namwambia dereva, twende. Ananiambia bado dakika mbili. Mwenye baa ndiye aliyekuja kunishusha." Mzee aliweka jibini mezani. "Ningemrudisha, nakuambia kweli. Nisingesikia la mtu. Leo angekuwa zizini, na angenichukia, na angekuwa na haki."

Delfina alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akisema maneno mengi hivyo. Mzee, aliyepika maziwa kwenye masufuria maisha yake yote, aliinua macho ukutani.

"Ile iliungua ikiwa imejaa," alisema. "Mtu aliiacha motoni."

Ambrogio akawa anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Akajibu yule mzee wa foleni, ambaye kama kawaida alikuwepo na bakuli lake.

"Si siku ile ile! Tulimwambia, na sufuria? Akasema asiguse mtu. Tukakaa tunaitazama inaungua, tukalala njaa mtaa mzima!"

Delfina aliweka chini mkoba wa barua. "Miaka minane, Ambrogio. Mbona hukuniambia?"

"Ungeniomba radhi. Mimi nilitaka ufaulu tu."

Machozi yalimtoka Delfina. Baba yake alisogea ukutani, akaishusha sufuria, akapitisha kidole kwenye lile tundu, kisha akaitundika tena na kuinyoosha isikae upande.

"Pambo zuri," alisema.