Ndoo ya Chakula ya Prodromos

Shemeji yangu Prodromos aliendesha kreni ya marumaru hapa bandarini Kavala kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akila chakula cha mchana akiwa chini. Meli ya mawe haisubiri mtu. Kufika kwenye kibanda chake juu kuna ngazi mia moja na kumi na nane, na mapumziko ni nusu saa tu. Ukishuka na kupanda tena, muda wote umekwisha kwa kuhema. Kwa hiyo alijitafutia ndoo na kamba ndefu, mwisho mmoja juu kwake, mwingine chini kwangu. Dada yangu Sultana alimfungashia chakula nyumbani, mimi nilikipasha moto kwenye jiko dogo la chumba cha mizani ninakofanyia kazi, nikakitia ndani ya ndoo, naye akavuta. Kikimfikia, alitikisa kamba mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, maana kwa maneno yule mtu alikuwa bahili.

Nami nilijua kila kilichopanda. Jumatatu madonge ya nyama na wali, Jumanne pai ya jibini inayochuruzika mafuta, Jumatano soseji ndani ya mkate, na kadhalika mpaka Jumamosi. Alikula kwa mkono mmoja, mwingine kwenye usukani, macho kwenye jiwe. Sioni cha kucheka hapo. Wengi wetu tunakula hivyo hivyo, tofauti ni kwamba sisi hatuning'inizi tani ishirini juu ya vichwa vya watu.

Januari alikwenda kupimwa kama kila mwaka. Sukari ilikuwa mia moja na tisini na nne, na hakuwa amekula kitu tangu jana yake. Daktari akampa vidonge, akampa karatasi ya vyakula, akamwambia: "Bwana Prodromos, urudi baada ya Pasaka. Ikizidi mia na arobaini sitii sahihi karatasi yako ya kreni. Utakwenda kukaa getini."

Geti! Mwenyewe alilitaja jina hilo kana kwamba anataja makaburi. "Nikae nikiinua ule mti wa kuzuia malori na kuushusha? Mimi?" Nikamwambia mimi nimekaa chini miaka kumi na saba na sijafa. Akanijibu, "Wewe hujawahi kukaa juu, shemeji. Hujui unachokikosa." Na ni kweli. Siku mawingu yakipasuka, kutoka kule juu unakiona kisiwa cha Thasos chote, na yeye alipenda kukitazama kila siku kama mtu anayetazama shamba lake.

Sultana aliiweka karatasi ya daktari chini ya kopo la sukari ili isipeperuke. Nadhani hapo ndipo ilipokaa mpaka leo.

Halafu ikaingia Kwaresma, na Prodromos akapata wazo. Jumatatu ya kwanza ya mfungo, tukiwa mezani kwao, alisimama na glasi ya maji akatangaza kwamba mwaka huu atafunga siku zote, bila kuruka hata moja. Amemwekea nadhiri Mama wa Mungu: hatagusa nyama, yai, maziwa wala jibini mpaka usiku wa Ufufuko.

"Babu yangu alifunga kila mwaka," alisema, "na alikufa ana miaka tisini na mbili, tena kwa kuanguka kutoka kwenye mti wa tini. Daktari na karatasi yake hatashinda mfungo."

"Mungu akupe nguvu," akasema Sultana, akamkatia kipande cha halua ya ufuta, kinene.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea sote pamoja. Kwetu hapa, chakula kikishaitwa cha mfungo hakuna anayeuliza zaidi. Hakina nyama, basi ni chepesi, ni kisafi, kinaosha damu. Duka la mkate likibandika kikaratasi cha "mfungo" kwenye mfuko wa biskuti, mwanamke mwenye akili zake timamu atanunua mifuko minne. Ndoo ilipanda na viazi vya kukaanga, makaroni na pweza (kwetu asiye na damu si nyama), wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, mkate bapa wa ufuta, ufuta uliosagwa na kuchanganywa na asali, halua, na biskuti za mfungo za kusindikizia kahawa. Kila siku ndoo ilikuwa nzito kuliko wakati wa soseji. Na kila siku Rizos, yule anayefunga mawe kwenye kulabu, alimpigia kelele kutoka chini: "Mtakatifu Prodromos, utuombee!"

Ila kulikuwa na chupa za maji. Zamani nilimpandishia moja. Wiki ya pili zikawa mbili, ya tatu zikawa tatu, na mara mbili alishuka zile ngazi zote kwenda kukojoa. Marehemu mume wangu aliishi na sukari miaka kumi na mmoja, na mashine yake ya kupimia bado iko kwenye mkoba wangu kwa sababu sikuweza kuitupa. Nilizifunga zile chupa kwa mikono yangu hii, wala sikufikiri kwamba kiu ile ni ya sukari. Sijajisamehe vizuri mpaka leo.

Ishirini na tano Machi ni sikukuu ya Mama wa Mungu, na siku hiyo tunaruhusiwa samaki. Sultana alikaanga samaki wa chumvi kwenye unga, na viazi vya kuponda na kitunguu saumu, sinia zima. Kesho yake kilichobaki kilipanda kwenye ndoo, na halua juu yake. Kamba ikatikiswa mara mbili. Saa saba na nusu nilikuwa nimesimama dirishani naandika uzito wa lori, nikaona jiwe limesimama hewani.

Upepo haukuwapo. Jiwe jeupe, la ukubwa wa gari dogo, lilikaa tu juu ya gati. Rizos alidhani Prodromos anamsubiri apange mbao za chini, kwa hiyo akapita chini ya lile jiwe, akainama, akaanza kuzisogeza kwa mguu. Nikashika redio. "Prodromos." Kimya. "Prodromos!" Kimya. Rizos akatoka na mbao moja, akarudi kuchukua ya pili, akapita tena chini yake. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakatika.

"Eeh," redio ikasema mwishowe, taratibu, kama mtu aliyeamshwa na kubisha hodi. "Nipo. Nipo. Jiwe liko wapi?"

Aliliteremsha vizuri kabisa, sentimita kwa sentimita, mahali pake. Rizos hakujua kitu. Alidhani ninapiga mayowe kwa ajili ya dereva wa lori. Prodromos akashuka ngazi akishika chuma kwa mikono miwili, akaja chumbani kwangu, akaketi. Uso ulikuwa wa majivu.

"Kidole," nikamwambia.

"Kidole cha nini?"

"Lete kidole, Prodromos, kabla sijakikata."

Mashine ikatoa mia tatu na kumi na mbili. Akaitazama, akanitazama mimi, akaanza kulia kwa hasira.

"Siku ishirini na tano sijagusa nyama! Hata mchuzi wake! Rizos anakula kebabu mbele yangu na mimi natafuna biskuti!"

"Biskuti, ndiyo! Na mkate, na viazi, na wali, na makaroni, na asali! Umekula sukari siku ishirini na tano, shemeji. Umeifunga kwa kitambaa cha kanisa, basi."

"Babu yangu alifunga hivi hivi."

"Babu yako alikuwa na halua ya kilo? Babu yako alikula nini? Sema. Nakuuliza kweli."

Akafikiri. "Adesi," alisema, zile dengu ndogo bapa. "Na siki. Maharage. Zile mboga mwitu bibi alizochuma kando ya reli, zinachemshwa na ndimu. Nilizichukia."

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwao na tukagombana na dada yangu kama wasichana. Sultana alisema ninamwambia anamuua mumewe. Nikasema ndiyo, ndicho ninachosema, na mimi nimekusaidia kumuua, nimempandishia kwa kamba. Akanifukuza jikoni kwake. Dakika kumi baadaye akanifuata uani akiwa na kisu na kitunguu, akauliza, "Sasa dengu naloweka kiasi gani?"

Prodromos alichukua likizo ya siku nne, tukasema ni mgongo. Alipoanza tena kazi tulikuwa na mapatano: kila asubuhi anapita kwangu na kidole, na ikizidi mia mbili hapandi. Jumapili Sultana alichemsha sufuria kubwa ya maharage makubwa meupe na nyingine ya adesi, akazigawa kwenye mabakuli yenye vifuniko, moja kwa kila siku, ili asubuhi ya mbio asiwe na sababu ya kuchukua mfuko wa biskuti. Nusu ya bakuli mboga mwitu, au kabichi, au mchicha uliopikwa na ngisi. Robo adesi au dengu. Mkate kipande cha kiganja, na zeituni sita, tena alizihesabu. Halua alimpelekea jirani ambaye hatumpendi.

Siku ya kwanza ndoo ilipopanda, redio ikalia. "Hii ni nini? Majani ya mbuzi?"

"Kula, mbuzi," nikamjibu, na gati zima likasikia.

Alikula. Chupa za maji zikarudi kuwa moja. Nadhiri aliitimiza mpaka mwisho, siku zote arobaini na Juma Kuu lake, na usiku wa Ufufuko alikula mchuzi kijiko kimoja kimoja kama mgonjwa, akiangaliwa na wanawake wawili.

Kuhusu lile jiwe hatukusema kitu. Tuliambizana kwamba limekwisha, hakuna aliyeumia, sukari imeshuka, kwa nini kuamsha mashetani. Niseme wazi: mimi ndiye niliyesema hivyo, yeye aliitikia kwa kichwa tu.

Jumanne baada ya Pasaka Rizos alikuja kazini na mayai mekundu mfukoni, akampa Prodromos moja wagonganishe, kama tufanyavyo. La Rizos likapasuka. Akacheka, akamkumbatia. "Umeshinda wewe, mzee. Mwaka mwingine pamoja: wewe juu, mimi chini." Prodromos hakucheka. Alisimama na lile yai zima mkononi mpaka mwenzake alipoondoka.

Alhamisi nilimpeleka kwa daktari kwa gari langu, nikaingia naye kwa sababu simwamini kukumbuka majina ya vidonge. Sukari ilikuwa mia moja na ishirini na saba. Daktari alimsifu, akauliza amefanya nini, akavuta karatasi ya kreni, akafungua kalamu.

"Usitie sahihi kwanza," alisema Prodromos.

Nilimkanyaga mguu. Akausogeza.

"Ishirini na sita Machi nilipotewa na fahamu kule juu. Jiwe lilikuwa hewani. Mtu alipita chini yake mara mbili. Liandike na hilo."

Daktari alifunga kalamu. Alimuuliza mambo mengi kwa sauti ya chini, akasema anasikitika, na alisikitika kweli. Kreni ikamtoka namna hiyo, kwa dakika tano.

Kwenye maegesho nilimkaripia. Sikujizuia. Umejinyima siku arobaini, nikamwambia, umekula majani, umetobolewa vidole vyote kumi, umeipata namba, na umeitupa mwenyewe! Nani alikuuliza?

"Rizos," akasema. "Aliniuliza kwa lile yai." Kisha akaingia kwenye gari, akafunga mkanda, akalia mpaka tukafika kwao. Nami nililia, lakini kwa kuona haya.

Sasa yuko getini. Anainua mti na kuushusha, ana nusu saa yake kamili ya kula, mezani, kwa uma. Mkanda wake una matundu matatu mapya. Juu kwenye kreni wamemweka Garifalia, mwanamke wa miaka thelathini na minane, hodari, mwenye mdomo mchafu, na siku yake ya kwanza alikuja na pai ya soseji kwenye mfuko wa karatasi ulioloa mafuta. Alinikabidhi niipashe moto. Prodromos, ambaye alikuwa amekuja kula kwangu, aliufungua mfuko, akauchungulia, akaufunga. Akatoa bakuli lake la adesi, akaliweka kwenye ndoo, akaifunga ile kamba kwa fundo lake mwenyewe.

Ndoo ikapanda. Redio ikalipuka.

"Mjomba! Nani kaniwekea adesi? Pai yangu iko wapi?"

"Kaila mbwa wa getini," Prodromos akajibu. "Kula hizo. Siki iko pembeni."

Garifalia alitukana kwa kirefu. Tukasubiri. Prodromos alikuwa bado ameshika mwisho wa kamba, na ndipo nilipokumbuka kwamba yule mtu, miaka yote ile, hajawahi kuwa upande huu wa chini. Kamba ikatikiswa mara mbili, mkononi mwake.

Hakuiachia. Alisimama ameishika, kichwa ameinua, mpaka nikamwita ndani nimgawie maharage yangu.