Ugoro wa Mama Kija

Buswelu watu hujenga geti kwanza, nyumba baadaye, na wengine hufa wakiwa na geti tu. Shigela hakuwa na ugomvi na desturi hiyo. Yeye ndiye fundi wa kuchomelea, na kila mwenye kiwanja kitupu aliyetaka kuwafungia mbuzi wa watu nje alipita kibandani kwake. Alichomelea amechuchumaa, sigara mdomoni, moshi wa chuma na moshi wa tumbaku ukigombania pua moja.

Kisha vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kuwa baridi kama sato wa kwenye barafu. Kimoja kikawa cheusi. Shigela akasingizia buti. Mkewe, Dorotea, alinusa soksi mara moja tu, akamburuta hospitali.

Daktari Mutalemwa, Mhaya wa kunyoosha tai kabla ya kumnyoosha mgonjwa, alikibonyeza kile kidole.

"Mishipa ya damu inaziba, fundi. Tumbaku ndiyo inayoiziba. Ukiacha sasa, tutapoteza kidole. Usipoacha, na mguu utafuata."

"Tumbaku yote, daktari?"

"Yote. Zipo plasta na bablishi zenye nikotini, wengine zinawasaidia kuacha. Wewe usiziguse. Hiyo nikotini ndiyo inayoibana mishipa yako."

Shigela alitoka ameapa. Hakuna geti la ghorofa linalochomelewa na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Basi Buswelu nzima ikawa na dawa. Mwenye duka la dawa, kwa huruma ya mfukoni mwake, alimtolea plasta zilezile zilizokatazwa; Dorotea akasoma boksi, akamrudishia pamoja na matusi ya kutosha. Jirani yao Luhaga, aliyeacha sigara mara nyingi kuliko mtu yeyote mtaani, alimletea pipi kali. Meno yaliuma, hamu ikabaki palepale. Mchungaji alimwekea mikono, akalikemea pepo la moshi. Pepo likatoka, likaenda kumsubiri nje ya kanisa. Karanga za kutafuna badala ya sigara zilimpa kitambi. Mikono ilimtetemeka hata geti la mwalimu mmoja likapinda kama nyoka aliyekanyagwa, na mwalimu alipolalamika, Shigela akamwambia aende akachomelewe na chaki.

Hapo ndipo mama yake, Mama Kija, alipofika kutoka Magu, na mchele, na kuku, na ugoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda uso, umenenepa tumbo?" Alipopewa habari, akacheka. "Hilo tu? Nusa huu."

"Mama, daktari amekataza tumbaku."

"Tumbaku ni ile ya kiwandani, yenye karatasi. Hii tunalima nyuma ya nyumba, naisaga mwenyewe. Babu yako alinusa mpaka uzeeni, tukamzika na miguu yake yote miwili. Hata mizimu tunawapa. Umeshamwona mzimu anayechechemea?"

Shigela hakuwa amemwona. Akanusa. Akapiga chafya mpaka machozi, na mikono ikatulia kama maji ya alfajiri.

Tangu siku hiyo sigara ilimtoka kabisa. Dorotea alimnusa mdomo kila jioni, hakukuta moshi, akamshukuru Mungu. Ugoro aliuona, lakini nani atamwambia mama mkwe kwamba kitu anachowapa mizimu ni sumu? Kanisani Shigela alisimama kutoa ushuhuda, na waumini wakapiga makofi. Mchungaji akapokea sifa zote, maana pepo halikuwepo kumkanusha.

Weusi nao ulikuwa unapanda. Ukavuka vidole, ukala unyayo. Maumivu yalimfanya aning'inize mguu kitandani akiuma shuka. Mama Kija, kwenye simu kutoka Magu alikorudi, alisema dawa inapigana na ugonjwa, aongeze kidogo. Akaongeza.

Aliporudishwa hospitali, Daktari Mutalemwa aliutazama mguu, kisha akamtazama puani.

"Hii nini?"

"Ugoro, daktari. Sigara niliacha, muulize mama watoto."

Daktari alikaa chini. Safari hii hakugusa tai. "Fundi, ugoro ni tumbaku. Umemfungia mwizi mlango, ukamfungulia dirisha."

Dorotea aliziba mdomo kwa khanga.

Mguu wa kushoto waliukata chini ya goti. Wa kulia, daktari alisema, unategemea pua yake.

Mama Kija alifika wodini, akamkuta mwanawe ametazama dari. Alilipapasa shuka pale lilipolala bapa, kana kwamba anatafuta kitu alichodondosha, akalia bila sauti.

"Nini kimeula, mwanangu?"

Dorotea alivuta pumzi ya kusema. Shigela akamshika mkono, akaubana mpaka pete ikamwingia.

"Sigara, mama. Zile za zamani."

"Nilijua." Mama Kija alijifuta macho kwa kiganja. "Kosa ni langu. Ningekuletea ugoro mapema, ungekuwa na mguu wako."

"Ndiyo, mama," alisema Shigela.