Maji Yaliyogeuka Tui Sebuleni kwa Mama Nuru

Maximilla Ndayikeza amebandika sikio kwenye kioo. Sebule ni ya watu, zulia ni la watu, naye amelipigia magoti akisikiliza pampu ndogo inayopuliza hewa ndani ya tangi la samaki. Pampu inanguruma sawasawa. Laiti ingekuwa imekufa, angejua pa kuanzia.

Maji ni meupe kama tui. Samaki wa njano na wa buluu, ambao juzijuzi walikuwa wakikimbizana kati ya mawe, sasa wameinua midomo juu wakitafuta hewa. Wawili wameshakufa.

"Nimechoka," anasema bila kugeuka. "Siyo leo tu. Nimechoka toka mwaka jana."

Ni asubuhi mjini Kasulu, na mama huyu wa miaka arobaini na minane ameshuka sasa hivi kwenye basi la kutoka Kibondo, vumbi bado limo kwenye nyusi. Kazi yake wengi hawajui hata kama ipo: husafisha matangi ya samaki wa mapambo majumbani. Siku nyingine utamkuta shambani kwake Kitahana, akipalilia maharage.

Ujuzi aliupata Kigoma mjini, alikoajiriwa ujanani kusugua mabwawa ya mtu aliyekuwa akiuza samaki wadogo wa ziwani. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972. Yeye kazaliwa huku, na leo ni Mtanzania mwenye kadi yake ya kura.

"Mama alikuwa ananicheka," anakumbuka. "Anasema, mwanangu unaogesha samaki, wa kula utawapata lini?"

Nyumba hii ni ya Mwamvua, muuza vitenge ambaye mji mzima unamwita Mama Nuru. Tangi lilikuwa la marehemu mumewe, na jioni akirudi kutoka dukani hukaa mbele yake na kikombe cha chai. Wanawe walioko Dar es Salaam wanataka liondolewe. Amewakatalia, lakini safari hii alimwambia Maximilla kwenye simu, bila kumung'unya maneno, kwamba maji yakishindikana leo kioo hicho kitageuzwa kabati la maandazi.

Kwa Maximilla, hiyo si nyumba moja. Wateja wake wote wa Kasulu walimpata kupitia kinywa cha Mama Nuru. Kila nyumba humpa shilingi elfu ishirini kwa safari, nauli ikila sehemu nzuri. Akianguka hapa kaanguka mji mzima, na ada ya binti yake Ange, anayesoma ushonaji, inatoka humu humu.

Basi anaanza kuchunguza. Anachota maji kwenye glasi na kuiweka dirishani. Ingekuwa udongo, ungetuama chini, haya hayatuami. Anamuuliza Mama Nuru kuhusu chakula, anaambiwa kiasi ni kile kile. Anakamua sponji ya kuchujia. Iko safi, haina hata harufu ya sabuni. Anakaa chini kabisa, mgongo ukutani, akijiuliza ni kipi hajakikagua. Ukimwona, unaweza kudhani kasinzia.

Kisha anainuka, anaelekea uani.

Ni yeye aliyewaagiza watu wa nyumba hii kwamba maji ya bomba yalale kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kuingia tangini, dawa yake ipungue. Agizo limefuatwa. Ndoo ipo, imefunikwa vizuri. Maximilla anafunua, ananusa, anapitisha kidole kwenye kitako cha ndoo. Kinateleza. Kidole kinarudi na utando mweupe, na harufu ambayo hakuna mwana wa Kigoma asiyeijua: muhogo uliolowekwa ukachachuka.

Hatua chache pembeni, kwenye mkeka, Zaitun anageuza makopa ya muhogo juani. Ni wifi yake Mama Nuru, dada wa marehemu, aliyekuja kutoka Buhigwe kumwondolea mjane upweke. Ugali wa sembe haumshibishi, kwa hiyo alikuja na muhogo wake. Ndoo aliyoulowekea aliisuuza kwa maji, akaona imetakata.

Maximilla anasimama pale, kidole bado kimelowa. Akimtaja mtu, jina lake mwenyewe linasafishika. Lakini unamwambiaje mgeni, mbele ya mwenye nyumba, kwamba ndiye anayeua samaki wa kaka yake?

"Mama Nuru," anasema hatimaye, "kosa ni langu. Nilisema ndoo, sikusema ndoo gani. Hii imelowekewa muhogo, na maji ya muhogo mchungu ni sumu kwao."

Zaitun anaacha makopa. Anajifunika uso kwa khanga na kulia kwa sauti ndogo. "Mie nilikuwa nawatunzia," anasema. "Kila nikiwawekea maji, namwambia kaka, nimewanywesha watu wako."

Mama Nuru anavua kandambili. Anakwenda kukaa mkekani, bega kwa bega na wifi yake, na wote wawili wanalia kilio ambacho si cha samaki tena.

Baadaye Zaitun mwenyewe ndiye anayekwenda kwa jirani mwenye maji yaliyolala, akirudi na ndoo safi kichwani. Wanabadilisha maji kidogo kidogo. Alasiri mawe yanaanza kuonekana, na samaki mmoja wa njano anashuka chini, anapita katikati yake.

Hakuna anayemwambia Maximilla kwamba kazi yake imepona. Mama Nuru anamkabidhi ujira wake, anamsindikiza hadi getini na kumwambia tu, "Mama Ange, mwezi ujao uje Jumanne. Jumatano nafuata mzigo."

Stendi, akisubiri basi la kurudi Kibondo, anaulizwa anatamani nini. Anasema Ange akimaliza chuo, atanunua tangi lake mwenyewe, dogo tu, aliweke nyumbani Kitahana.

"Niweke na kiti, nikae," anasema. "Miaka yote hii natazama maji. Samaki sijawahi kuwatazama."